Jina la Mhariri wa Filamu Liwekwe Mbele

Machi 27, 2022, katika ukumbi wa Dolby mjini Los Angeles, Joe Walker aliitwa jukwaani kupokea tuzo ya Oscar ya uhariri kwa kazi yake katika filamu ya Dune. Alipoipokea, matangazo ya moja kwa moja ya televisheni yalikuwa hayajaanza. Waandaaji walikuwa wameamua kwamba tuzo nane, ya uhariri ikiwa mojawapo, zigawiwe kabla ya matangazo, zirekodiwe, zipunguzwe, kisha vipande vyake vichomekwe katikati ya sherehe. Sababu waliyoitoa ni kubana muda. Tuzo za waigizaji hazikuguswa. Ya mwongozaji haikuguswa.

Uamuzi ule ulikuwa wa kudhalilisha. Tunautaja leo, ingawa miaka imepita, kwa sababu fikra zilizouzaa bado zi hai huko na hapa kwetu. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2019 Akademia ya filamu ya Marekani, inayotoa tuzo hizo, ilitangaza kwamba tuzo ya uhariri, ya upigaji picha na nyingine mbili zingetolewa wakati watazamaji wa nyumbani wakionyeshwa matangazo ya biashara. Watu wa filamu wakacharuka, na uamuzi ukafutwa ndani ya siku chache. Miaka mitatu baadaye ukaingia kwa mlango mwingine. Ni mwaka 2023 ndipo tuzo zote 23 ziliporudishwa hewani. Na kwa miaka mingi kabla ya hapo kura za wanachama wa Akademia zilikuwa zikisema jambo tofauti kabisa: baada ya Ordinary People ya mwaka 1980 hadi ilipofika Birdman ya mwaka 2014, kila filamu iliyoshinda Oscar ya filamu bora ilikuwa imependekezwa pia katika uhariri. Wenye fani wanajua filamu nzuri inatoka wapi. Wanaopanga nani aonekane ndio wanaojifanya hawajui.

Gazeti lina mhariri, na jina lake hufika hadi mahakamani: habari ikipotoka, yeye ndiye anayeitwa kujibu. Kiswahili kimempa jina hilohilo yule anayekaa na picha za filamu akichagua ipi ibaki, ipi iondoke, ipi itangulie na ipi ingoje. Mafundi wenyewe mtaani husema edita, lakini kazi ni ileile. Mmoja anaandikwa jina lake ndani ya kila toleo. Mwenzake anaandikwa mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, watu wakishasimama kutafuta viatu.

Msimamo wetu ni kwamba hiyo ni dhuluma, na ikomeshwe.

Asiyewahi kukaa chumba cha uhariri hudhani kazi yenyewe ni kuondoa makosa: muigizaji amesahau maneno, kata, kipaza sauti kimeingia kwenye picha, kata, unganisha kilichobaki, filamu imekwisha. Ingekuwa hivyo tusingekuwa na hoja. Tuchukue filamu moja ambayo karibu kila mtu ameiona au ameisikia.

Jaws, filamu ya papa ya mwaka 1975, iliongozwa na Steven Spielberg akiwa bado kijana. Ilipangwa kupigwa kwa siku 55 katika kisiwa cha Martha's Vineyard. Ikachukua siku 159. Papa wa mitambo waliotengenezwa kwa ajili ya kazi ile walikuwa kila wakiingia maji ya chumvi wanaharibika. Mwongozaji akabaki na bahari, watu wanaopiga mayowe, mapipa ya njano yanayoelea, na papa asiyefanya kazi. Vyote hivyo vikapelekwa mezani kwa mhariri Verna Fields.

Filamu iliyotoka mezani kwa Fields inamficha papa. Msichana anaogelea usiku, anavutwa chini, anapiga kelele, anavutwa tena. Mtazamaji haoni kitu ila maji. Zaidi ya saa nzima inapita kabla mnyama hajaonekana sawasawa, na kwa muda wote huo hofu inazidi kupanda. Kuna kipande kimoja ambacho Spielberg amekisimulia mwenyewe. Yeye alitaka papa akae kwenye kioo muda mrefu zaidi, maana alikuwa amehangaika siku nyingi baharini kupata picha ile. Fields akapunguza. Papa wa fremu 36 alitisha. Papa wa fremu 38 alionekana kuwa ni kitu cha kutengeneza kinachoelea majini. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde moja, kwa hiyo fremu mbili ni sehemu ya kumi na mbili ya sekunde. Huko ndiko hofu ya mamilioni ya watu ilikokuwa imejificha, na aliyeiona ni mwanamke aliyekaa mezani na mkasi.

Fields alipata Oscar yake kwa filamu ile, na hilo ni la haki. Lakini waulize watu kumi wanaoipenda nani aliitengeneza, na wote kumi watamtaja mwongozaji. Wachache watakumbuka muziki wa John Williams. Jina la Verna Fields halitatajwa.

Kuna hesabu moja ambayo Walter Murch, mhariri wa Marekani, ameiandika kuhusu Apocalypse Now ya Francis Ford Coppola, iliyotoka mwaka 1979. Picha zilizopigwa kule Ufilipino zilifika futi 1,250,000, yaani zaidi ya saa 230. Filamu iliyoonyeshwa ilikuwa ya saa mbili na dakika 25 hivi. Kwa kila dakika moja tuliyoiona, dakika 95 zilipigwa. Murch akagawanya mikato iliyobaki ndani ya filamu kwa siku zote ambazo wahariri walizifanyia kazi, akapata mikato 1.47 kwa siku kwa kila mhariri. Mtu anaingia kazini asubuhi, anatoka usiku, na anachoacha nyuma yake ni mkato mmoja na nusu. Muda mwingine wote wa siku umekwenda kwenye kutazama, kujaribu, kubomoa, kujaribu tena, na kuamua kwamba kile cha jana hakifai. Asiyeiheshimu kazi ya namna hiyo hajui kazi ni nini.

Wala haya si mambo ya Marekani peke yake. Tulikaa usiku mmoja na mhariri kijana katika chumba cha kupanga Dar es Salaam: feni inazunguka, kompyuta moja, spika mbili ndogo, diski zimepangwa kwenye boksi la viatu. Hatumtaji, kwa sababu ametuomba tusimtaje. Anaogopa kukosa kazi inayofuata. Alikuwa anahariri filamu ya familia. Katika sini moja mama anasonga ugali jikoni, mtoto wake wa kiume anaingia kumwambia kwamba baba amefariki, mama anapiga yowe. Skripti ilisema hivyo, na ikapigwa hivyo mara nne. Yowe halikutoka vizuri hata mara moja. Teki ya kwanza ilikuwa ya kujilazimisha, ya tatu na ya nne sauti ilishachoka.

Kijana yule akairudisha teki ya pili akaiacha iendelee hadi baada ya mwongozaji kusikika akisema kata. Mwigizaji, akidhani kazi imekwisha, aliuachia mwiko na kushusha mkono. Ugali ulikuwa umeshakaza. Mwiko ukabaki umesimama peke yake katikati ya sufuria. Hakuna aliyepanga hilo. Kijana akaichukua picha ile, akamweka mtoto mlangoni, akamwacha afumbue mdomo, na kabla neno halijatoka akakata kwenda kwenye mwiko. Akaondoa sauti zote isipokuwa mlio wa mkaa. Akaacha sekunde nne. Halafu giza. Yowe akalitupa.

Asubuhi mwongozaji alikuja, akatazama mara tatu, akanyamaza. Kisha akasema asiguse kitu hapo. Siku ya uzinduzi, sini ile ilipofika, kina mama waliokaa mbele walijifunika midomo kwa khanga. Mwigizaji alipongezwa kwa uigizaji wake wa hali ya juu. Mwongozaji alipongezwa kwa ubunifu. Bango lililokuwa mlangoni lilikuwa na sura saba, nembo tatu za wadhamini na namba mbili za simu. Jina la mhariri lilipita mwishoni, chini ya madereva na wapishi, likiwa limekosewa herufi moja, na wakati huo taa za ukumbi zilikuwa zimeshawashwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hatumnyang'anyi mwongozaji sifa yake. Alikuwa na busara ya kuutambua mkato mzuri na kuuacha. Hatumnyang'anyi mwigizaji, mkono ule ni wake. Lakini aliyeuona mwiko ule, akajua ndio msiba wenyewe, ni mtu wa tatu, na huyo hakupewa hata makofi.

Tunasisitiza habari ya jina kwa sababu katika kazi hizi jina ndiyo mali. Fundi seremala huonyesha kabati, mjenzi huonyesha nyumba. Mhariri hana cha kuonyesha ila filamu ambayo kila mtu anaamini ilitengenezwa na mwingine. Bila jina hawezi kudai ujira mzuri zaidi katika kazi ya pili, hawezi kuitwa na mwongozaji wa nchi nyingine, hawezi hata kuthibitisha kwamba alikuwepo.

Angalieni kilichotokea pale jina lilipotolewa. Mwaka 1967 Arthur Penn aliongoza Bonnie and Clyde, na filamu ikahaririwa na Dede Allen. Mwisho wake, majambazi wawili wanapomiminiwa risasi barabarani, umekatwa vipande vingi vifupi, vingine kasi ya kawaida, vingine vya polepole, vyote ndani ya muda wa kama dakika moja. Filamu za Marekani hazikurudi zilivyokuwa kabla ya dakika ile. Allen anatajwa katika historia kuwa mhariri wa kwanza wa Hollywood kuandikwa jina lake peke yake katika majina ya mwanzo. Na hapohapo palikuwa na kinaya: filamu ilipendekezwa kwa Oscar 10, na uhariri haukuwemo. Kazi iliyobadilisha namna ya kukata filamu haikuonekana na waliokuwa wakigawa heshima za kukata filamu. Allen alifariki mwaka 2010 bila kuwahi kushinda Oscar.

Lakini jina lilishaandikwa, na likafanya kazi yake. Allen alitafutwa na waongozaji wakubwa kwa miaka mingi baada ya hapo. Msaidizi wake katika filamu ile, Jerry Greenberg, alishika kazi mwenyewe, akashinda Oscar kwa The French Connection ya mwaka 1971, na baadaye akawa mmoja wa wahariri wanne waliopendekezwa kwa Apocalypse Now, filamu ileile ya futi milioni na robo. Fani inakua hivyo. Mtu anaandikwa, anajulikana, anapewa msaidizi, msaidizi naye anakua. Sehemu ambayo mhariri hana jina, hana wa kumrithisha.

Dhuluma hii ina umri mrefu, na tangu mwanzo ilikuwa na sura ya mwanamke. Siku za filamu bubu, kukata na kuunganisha kulihesabiwa kuwa kazi ya mikono midogo, ndugu wa ushonaji, na studio zikawaajiri wanawake kwa wingi. Anne Bauchens alikata filamu za Cecil B. DeMille kwa takriban miaka 40, hadi The Ten Commandments ya mwaka 1956. Tuzo ya Oscar ya uhariri ilianza kutolewa kwa filamu za mwaka 1934, naye alikuwa mwanamke wa kwanza kuishinda, kwa filamu ya mwaka 1940. Umati umeijua bahari inayopasuka na umemjua DeMille. Kule Urusi ya Kisovieti, Dziga Vertov alitoa mwaka 1929 filamu ya Mtu Mwenye Kamera, na ndani yake akafanya jambo la haki ambalo wachache wamelifanya tangu hapo: alimwonyesha mhariri kazini. Elizaveta Svilova, mke wake, anaonekana amekaa mezani, anainua ukanda wa filamu kwenye mwanga, anachagua, anakata, na picha ya mtoto iliyokuwa imeganda mkononi mwake inaanza kucheka. Anayetaka kuelewa hoja yetu kwa sekunde chache aitazame sehemu hiyo.

Sheria nazo zimelala. Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unapofika kwenye filamu unawataja waandishi wa skripti, wa mazungumzo, watunzi wa muziki, na mwongozaji mkuu. Mhariri hatajwi. Umoja wa Ulaya unahesabu miaka 70 ya ulinzi wa filamu kuanzia kifo cha mtu wa mwisho kati ya wanne: mwongozaji mkuu, mwandishi wa skripti, mwandishi wa mazungumzo, na mtunzi wa muziki uliotungwa kwa ajili ya filamu hiyo. Mwenye kutunga muziki wa dakika 20 anahesabika. Aliyepitisha mkono wake juu ya kila sekunde ya filamu hahesabiki. Wabunge wetu na wanasheria wa hakimiliki hawana sababu ya kunakili upungufu huo. Nchi yoyote inaruhusiwa kumlinda mtu zaidi ya mkataba unavyodai.

Turudi nyumbani, maana huku ndiko tunakoweza kurekebisha kesho asubuhi.

Pita kwenye maduka ya filamu Kariakoo, pita River Road Nairobi, fungua simu yako utazame filamu zinazowekwa mtandaoni kila wiki. Soma majalada. Utakuta nyota, utakuta mtayarishaji, utakuta mwongozaji, mara nyingine utakuta hata aliyetoa gari la kuigizia. Mhariri hayumo. Fungua vituo vya televisheni usiku: filamu ikifika kwenye mstari wa mwisho wa mazungumzo, majina hayajapanda nusu, tangazo la sabuni limeshaingia. Kukata majina ya watu walioifanya kazi ili kuuza sabuni ni utovu wa adabu, na umezoeleka kiasi kwamba hata wanaokatwa majina hawalalamiki.

Wakati huohuo uwezo upo. Mwaka 2020, katika tamasha la Sundance huko Marekani, filamu ya hali halisi kutoka Kenya iitwayo Softie ilipewa tuzo maalumu ya majaji kwa uhariri. Ilimfuata Boniface Mwangi, mpiga picha na mwanaharakati, pamoja na familia yake, hadi alipogombea ubunge wa Starehe mwaka 2017. Waliotunukiwa ni Sam Soko, ambaye pia ndiye aliyeiongoza, pamoja na Mila Aung-Thwin na Ryan Mullins. Maandamano, kampeni, watoto wanaomsubiri baba nyumbani, mke anayeuliza nchi na familia ipi itangulie: maisha ya miaka yalipangwa yakawa hadithi moja ya saa moja na nusu. Majaji wa nje walitazama filamu yetu na kitu walichokiinua ni ukataji wake. Sisi tuliisherehekea kama filamu ya Kenya iliyoshinda, na tukaishia hapo. Magazeti mangapi ya Afrika Mashariki yaliandika kwamba tuzo ile ilikuwa ya uhariri? Hali ilikuwa hiyohiyo Nadia Ben Rachid, mwenye asili ya Tunisia, aliposhinda tuzo ya César ya uhariri nchini Ufaransa mwaka 2015 kwa filamu ya Timbuktu ya Abderrahmane Sissako. Mwana wa Afrika alipewa heshima ya juu katika fani hii na jina lake halikufika kwenye vijiwe vyetu vya filamu.

Yapo yanayosemwa dhidi ya hoja yetu, na tumeyasikia mara nyingi.

La kwanza ni kwamba filamu ni ya mwongozaji, na mhariri anatekeleza. Mpiga picha naye anatekeleza, mtunzi wa muziki anatekeleza, mwigizaji anatekeleza kila anachoambiwa tangu alfajiri hadi usiku, na bado majina yao yanaandikwa mbele. Hakuna anayesema nahodha hana kazi kwa kuwa jahazi lina mafundi. Na anayejua majahazi anajua kalafati: zile pamba na mafuta zinazoshindiliwa kati ya mbao, ziko chini ya maji, hakuna abiria anayeziona, na bila hizo hakuna safari. Fundi wa kalafati Lamu au Zanzibar anajulikana kwa jina pwani nzima. Mabaharia wana adabu hiyo. Watu wa filamu waipate.

La pili tunalisikia kutoka kwa wahariri wenyewe, na linatuuma zaidi. Wanasema uhariri mzuri ni ule usioonekana, kwa hiyo mhariri mzuri asionekane. Hapana. Mkato usionekane, aliyekata aonekane. Kanzu iliyoshonwa vizuri huioni mshono wake, lakini kila mtu anauliza imeshonwa na nani. Wahariri waache kujificha nyuma ya usemi huo. Unyenyekevu ni tabia njema, ila unapowafaa waajiri tu na kuwaumiza wafanyakazi, hauna budi kuangaliwa upya.

La tatu ni kwamba siku hizi kila mtu ana programu ya kuhariri kwenye simu. Ni kweli, na kila mtu ana kalamu. Kuwa na kifaa cha kukatia hakumfundishi mtu pa kukata.

Na kuna filamu nyingi ndogo, hasa zile za bei nafuu, ambazo mtu mmoja huandika, huongoza, hupiga picha na kuhariri. Huyo aandikwe mara zote nne. Kila kazi ihesabiwe kwa jina lake, ili watu wajue ni kazi nne na si moja.

Kwa hiyo tunadai. Watayarishaji waandike jina la mhariri katika majina ya mwanzo, peke yake kwenye kioo kama linavyoandikwa la mpiga picha, na kwenye bango na jalada kwa herufi zinazosomeka bila miwani. Iandikwe hivyo ndani ya mkataba, kwa maandishi na saini, kabla diski ya kwanza haijafunguliwa. Mhariri asiyepewa mkataba wa namna hiyo asianze kazi. Wasaidizi wake waandikwe nao. Mamlaka zinazopitia filamu kabla ya kuonyeshwa, Tanzania na Kenya, ziweke jina la mhariri miongoni mwa mambo ya lazima kwenye fomu zao. Vituo vya televisheni viache majina ya mwisho yapande hadi yaishe. Waandaaji wa tuzo na matamasha, kuanzia ZIFF ya Zanzibar hadi Kalasha ya Kenya, watoe tuzo ya uhariri jukwaani, hewani, saa ileile wanapowatuza waigizaji. Wasirudie kosa la Los Angeles la mwaka 2022.

Watazamaji nao wana sehemu yao. Ukiipenda filamu, subiri dakika tatu. Soma nani ameikata.

Na sisi wenye magazeti hatuna pa kujificha. Kurasa zetu za burudani zimesifu filamu kwa miaka bila kumtaja mhariri hata mmoja, huku ukurasa wenyewe ukiwa umepita mikononi mwa mhariri anayefahamika kwa jina. Tumekosa, na tunarekebisha. Kuanzia toleo lijalo, gazeti hili halitachapisha uchambuzi wa filamu yoyote usiomtaja aliyeihariri. Mtayarishaji atakayetuletea filamu bila jina hilo atarudishiwa.